Ngozi nne za stairofomu: ipi inahimili kalibu, ipi inakuangusha

Stairofomu inachongeka kwa kisu cha mboga. Hiyo ndiyo sifa yake na ndiyo ila yake, maana kinachokatika kwa kisu cha mboga kinabonyea pia kwa dole gumba, kwa brashi ya nta na kwa plasta mbichi. Kalibu, au moldi kama mafundi wengi wanavyoiita, haimfichii mtu aibu. Kila kishimo na kila punje iliyong'oka itanakiliwa, halafu utaikuta kwenye kila nakala ya zege utakayomwaga. Kwa hiyo hapa uchongaji hautachukua nafasi kubwa. Tunachokipima ni ngozi, yaani tabaka gumu linalopakwa juu ya foamu iliyokwisha kuchongwa ili ikubali kutolewa kalibu.

Ngozi ni nne, zote zinapatikana au zinaagizika kwa fundi aliyeko Dodoma: gundi nyeupe na jipsamu, saruji nyeupe na wavu, epoksi, na rezini ya polyesta (ile ya mafundi wa faiba) juu ya kizuizi, yaani tabaka la kuikinga foamu isiliwe na rezini. Kipimo ni kitu kimoja kwa zote: kishada cha zabibu cha kubandika kwenye nguzo ya geti, kimo sentimita 60, upana 40, kina 15, mgongo bapa, tunda moja lina kipenyo cha sentimita 3, na juu kuna majani mawili. Ukijumlisha mabonde na mbavu, uso wake ni kama nusu mita ya mraba. Zabibu haikuchaguliwa kwa kuwa tuko Dodoma tu. Ni mtihani mkali, kwa sababu kati ya tunda na tunda kuna mfereji mwembamba, na ngozi nene inaufukia.

Piga hesabu kabla ya kushika kisu. Ngozi ya milimita 2 hupakwa kuta zote mbili za mfereji, kwa hiyo inaumeza kwa milimita 4. Mfereji wa milimita 5 unabaki wa milimita 1, na hapo kishada kinageuka gunia la viazi. Dawa yake ni kuchonga pungufu: tunda milimita 26, mfereji milimita 8. Ngozi ikishakaa, tunda linafika milimita 30 na mfereji unabaki 4. Wengi huchonga kwa kipimo cha mwisho, wakipaka wanashangaa sura imekwenda wapi.

Foamu yenyewe

Bamba jeupe la ujenzi ndilo la kawaida, na ubora wake haufanani. Kata mchemraba wa sentimita 10 kila upande, uweke kwenye mizani ya jikoni. Gramu 10 hadi 12 maana yake ni kilo 10 hadi 12 kwa mita ya ujazo. Hiyo ni ya kujazia dari, iache. Kwa kazi hii tafuta gramu 20 na zaidi. Nyepesi ina punje kubwa zinazong'oka kama mahindi kwenye gunzi, na hakuna ngozi itakayokaa vizuri juu ya vishimo hivyo. Foamu ya kwenye maboksi ya friji mara nyingi ni nzito kuliko bamba la dari, lakini ina mbavu na matundu, kwa hiyo utaunganisha vipande vingi. Ile ya rangi isiyo na punje ndiyo tamu kuliko zote kuchonga. Hadiwea nyingi hazina, ukiikuta chukua.

Masalia ya paneli za vyumba vya baridi yanahitaji tahadhari. Mengine ni stairofomu, mengine ni poliyurethani ya manjano. Dondosha tone la thina: stairofomu inayeyuka papo hapo, poliyurethani haishtuki. Poliyurethani ni nzuri sana kwa kazi hii, maana hata rezini ya polyesta haiili, ila usiikate kamwe kwa waya wa moto. Moshi wake una sianidi. Kisu, msumeno na msasa vinatosha.

Halafu kuna foamu ya kopo, ile ya kujazia pembeni mwa fremu za milango. Inagandishwa na unyevu wa hewani, na kuanzia Mei hadi Novemba hewa ya Dodoma haina unyevu wa kugawa. Ukipiga donge la sentimita 8 kwa mara moja, nje linakauka na ndani linabaki bichi. Baada ya siku mbili, ngozi ikiwa imeshapakwa, lile bichi linaendelea kuvimba na kuipasua. Piga tabaka lisilozidi sentimita 3, nyunyiza maji kama umande kabla na baada, subiri ligande, kisha ongeza.

Kwenye kuunganisha mabamba, gundi iishie sentimita 2 kabla ya uso utakaochongwa. Mstari wa gundi ni mgumu kuliko foamu, kisu kikiufikia kinaruka na msasa unaacha tuta. Gundi nyeupe katikati ya mabamba mawili mapana inaweza kukaa wiki nzima bila kukauka, kwa sababu maji hayana pa kutokea. Mistari myembamba ya foamu ya kopo pamoja na vijiti vya mishikaki inashika vizuri zaidi. Gundi ya viatu inaiyeyusha foamu, isikaribie.

Waya wa kukatia: nikromu ya milimita 0.4, urefu sentimita 60, betri ya volti 12. Unavuta zaidi kidogo ya ampia 2, kiasi ambacho betri ya gari inabeba bila taabu. Weka springi upande mmoja, maana waya ukipata moto unarefuka na kulegea. Ukiona unang'aa mwekundu umezidisha: unaichoma foamu badala ya kuikata, na moshi wake unaumiza kichwa. Usiunganishe moja kwa moja na umeme wa ukutani hata kwa majaribio. Umbo kubwa toa kwa waya, zabibu zenyewe toa kwa kisu kipya chenye wembe wa kukatika, kisha zungusha na msasa namba 80 uliokunjwa kwenye kidole, halafu 120. Msasa usikandamizwe, kwenye foamu unafanya kazi kwa wepesi wake.

Gundi nyeupe na jipsamu

Hii ndiyo inayosifiwa kuliko zote, na sifa zake nyingi ni za bei. Gundi ya mbao sehemu 1, maji sehemu 3, unga wa jipsamu unanyunyizwa mpaka upate uji mwepesi. Paka tabaka la kwanza kwa brashi, kisha laza vipande vya bandeji ya gozi vya sentimita 5 kwa 15 kwenye mgongo na mbavu. Kwenye zabibu usilaze gozi, inaziba mifereji. Tabaka tatu au nne zinafika milimita 2.

Inapigika msasa vizuri mno. Hakuna ngozi nyingine kati ya hizi nne inayokubali kurekebishwa na kisu kidogo, ikajazwa, ikachongwa tena, kama hii. Kama thamani ya ngozi ingekuwa kusafishika tu, tungeishia hapa.

Tatizo la kwanza ni upepo. Jipsamu hugumu kwa kushika maji, haigumu kwa kukauka. Upepo wa mchana wa Dodoma ukiyanyakua maji kabla jipsamu haijayashika, unabaki na unga uliosimama. Pitisha kiganja: kikitoka cheupe, ngozi imekufa. Inazuilika kwa kufunika kazi na nailoni kwa saa nzima baada ya kila tabaka, ndani ya chumba, dirisha limefungwa. Na kabla ya yote, jaribu unga wenyewe kwa kijiko kimoja na maji. Usipogumu ndani ya nusu saa, ni wa zamani au ni mawe yaliyosagwa bila kuchomwa. Jipsamu inachimbwa mkoani Singida, kule Itigi, lakini mwamba mbichi uliosagwa haugandi. Lazima uwe umepita kwenye moto ukapoteza sehemu ya maji yake.

Tatizo la pili halina dawa nyepesi. Gundi hii ikishakauka hairudi kuwa kimiminika, lakini ikikutana na maji mengi inalainika. Kalibu ya plasta inakuja na maji mengi na joto la kuganda kwa pamoja. Ngozi inalainika, inashikana na kalibu, na siku ya kufungua unatoka na vipande vya zabibu vilivyobaki ndani. Kuipaka vanishi ya spiriti tabaka mbili kunasaidia, vanishi ya thina hapana, kwa kuwa penye tundu inapenya na kuila foamu chini kwa chini. Inafaa kwa kalibu ya silikoni, tena moja. Fundi anayeahidi kalibu tatu juu ya ngozi hii anakuuzia matumaini.

Saruji nyeupe na wavu

Mahitaji yote yanapatikana kwenye hadiwea za Majengo bila kuagiza chochote. Kwa kishada chetu: saruji nyeupe kilo 2, unga wa marumaru uliochujwa kwa chujio la chai kilo 1, na kimiminika cha gramu 750, ambacho theluthi yake ni dawa ya akriliki ya kuongezea saruji mshiko na iliyobaki ni maji. Ni zaidi kidogo ya unachohitaji kwa unene wa milimita 3.

Kwanza kwaruza foamu kwa brashi ya waya, kwa sababu saruji haina mshiko kwenye uso laini. Tabaka la kwanza ligongwe kwa ncha ya brashi ili liingie vishimoni. Ukiliburuta unafunika hewa, na hewa hiyo itakuja kutoboka wakati wa msasa. Likianza kushika, laza wavu wa plasta wa matundu ya milimita 5 kwenye mgongo, mbavu na sehemu bapa za majani, paka la pili mpaka wavu usionekane. Juu ya zabibu wavu haulali, unasimama kama nywele. Hapo changanya nyuzi fupi kidogo kwenye tope lenyewe.

Kinachoiua ngozi hii hapa kwetu ni haraka ya kukauka. Iache wazi saa tatu za mchana wa Oktoba, utarudi kukuta nyufa za utando wa buibui. Funika kwa gunia bichi na nailoni juu yake, siku 3 kamili, ukilowesha asubuhi na jioni. Gunia liguse kazi baada ya saa 6, si kabla, la sivyo linaacha alama ya ufumo wake.

Msasa una dirisha lake: kati ya saa 12 na 18 tangu kupaka, wakati ukucha unakwaruza lakini haubonyezi. Asubuhi ya siku ya pili, kwa kawaida. Ukichelewa siku mbili utashika grainda, na grainda juu ya zabibu za sentimita 3 ni kubomoa. Fanya msasa, kisha rudisha gunia.

Ngozi hii ni ngumu kweli. Gonga kwa sarafu, inalia kama kigae. Inavumilia kalibu ya plasta, ya zege na ya silikoni, na ikipakwa sabuni ya maji tabaka mbili tatu kabla ya plasta inaachia vizuri. Kasoro zake ni mbili. Unene wa milimita 3 unameza mifereji, kwa hiyo kwa kishada cha zabibu inapata alama ya wastani huku kwa chungu cha maua au kichwa cha nguzo ikipata ya juu kabisa. Nyingine ni unyevu. Ukitaka kutoa kalibu ya faiba juu yake, maji yaliyobaki ndani yatazuia rezini kukauka. Subiri angalau siku 7 baada ya kuondoa gunia, kisha bandika nailoni ya sentimita 30 kila upande kwa utepe, uiache usiku kucha. Ukikuta umande chini yake, bado.

Epoksi

Ndiyo bora kwa kishada. Pia ndiyo inayoadhibu uzembe kuliko nyingine zote.

Inahitaji milimita 1.5 tu, na wembamba huo ndio unaoacha mifereji ipumue. Kwa nusu mita ya mraba ni kama gramu 850 kwa jumla, zikigawanywa tabaka tatu. Haiyeyushi stairofomu. Pima kwa mizani, kwa uwiano ulioandikwa kwenye kopo lako. Wapo wa 100 kwa 50, wapo wa nusu kwa nusu, na ule wa ujazo si lazima ufanane na ule wa uzito. Mafundi waliozoea rezini ya polyesta huongeza hadina, yaani kigandisho, ili ikauke haraka. Kwenye epoksi kufanya hivyo kunaacha ngozi laini isiyogumu hata ukingoja mwaka, kwa sababu hadina hapa ni sehemu ya mwili wake, haifanyi kazi ya kuamsha tu.

Tabaka la kwanza lichanganye na unga wa talki usio na manukato mpaka lifanane na mtindi, ulipake kwa brashi iliyokatwa fupi, ukijaza vishimo vya punje. La pili na la tatu ziwe nyepesi zaidi. Changanya gramu 200 kwa mara moja na umwage kwenye sinia pana. Ukiiacha kwenye kikombe kirefu joto linajikusanya, dakika chache baadaye kikombe kinatoa moshi. Kwa kanuni ya jumla, kila nyuzi 10 zinazoongezeka hukata muda wa kufanyia kazi karibu nusu. Kopo linaloandika dakika 40 kwa nyuzi 25 halikuandikwa kwa saa nane mchana ya Novemba hapa.

Joto hilo hilo ndilo linalozaa kosa ambalo watu hawalioni mapema. Epoksi ikituama kwenye mfereji kwa kina cha milimita 5 au zaidi, inachemka kiasi cha kuisinyaza foamu iliyo chini yake, maana stairofomu huanza kulegea kwenye nyuzi 70 hadi 80. Juu unaona uso mzuri, chini kuna pango. Gonga kila tunda kwa sarafu baada ya siku moja: linalolia "tok" liko sawa, linalolia bati lina pango. Toboa tundu la milimita 2, ingiza epoksi kwa bomba la sindano, kidogo kidogo.

Saa ya kupaka nayo ina maana kuliko inavyodhaniwa. Foamu imejaa hewa, na hewa ikipata joto inatanuka na kutoka kupitia epoksi mbichi, ikiacha viputo vyenye tundu la sindano katikati. Ukipaka asubuhi joto likipanda, viputo vitakuandama mpaka mchana. Paka kuanzia saa kumi jioni, joto likishuka: foamu inavuta pumzi ndani na kuivuta epoksi nayo. Vumbi ni suala jingine, ila dawa yake ni rahisi: fanyia kazi ndani na umwagie sakafu maji nusu saa kabla.

Tabaka linalofuata lipakwe wakati la chini linanata kidoleni bila kuvuta nyuzi, mara nyingi saa 4 hadi 6. Ukilala mpaka asubuhi, osha kwanza kwa maji na sabuni. Epoksi nyingi hutoa utando kama mafuta usiku wa baridi, na msasa ukiupitia unausugua ndani badala ya kuutoa. Ukishaosha na kukausha ndipo upige msasa namba 120, upake.

Ikifikisha saa 24 na kusuguliwa, inakubali hata puti ya gari juu yake. Hii ni faida kubwa, kwa kuwa puti hiyo ina styrini, kimiminika kinachoyeyusha stairofomu, na ikiguswa na foamu tupu inaila. Lakini epoksi ambayo haijaiva vizuri inaizuia puti kukauka, inabaki kama tope la ubuyu. Maliza na praima ya rangi nyeupe au kijivu hafifu, msasa wa maji 240 kisha 400. Praima nyeusi usitumie. Kazi nyeusi iliyoachwa juani inapata joto la kuisinyaza foamu ndani ya ngozi, na hapo hakuna sindano ya kuokoa.

Glavu ni lazima. Ngozi ya mikono ikishaichukia epoksi inaichukia maisha, na kunawa kwa thina kunaiingiza mwilini zaidi. Sabuni na maji, basi. Barakoa ya vumbi wakati wa msasa.

Polyesta juu ya kizuizi

Mafundi wa faiba wanaipenda kwa sababu wanayo tayari, na kweli inagumu ndani ya saa moja, inashika mikeka ya faiba na ni nafuu kuliko epoksi. Ila ndani yake mna styrini nyingi, mara nyingi theluthi moja na zaidi ya uzito, na styrini inayeyusha stairofomu kama sukari kwenye chai. Kwa hiyo lazima pawe na kizuizi cha rangi ya maji au gundi nyeupe, tabaka 4. Paka kwa kupishanisha rangi, moja nyeupe, moja ya bluu, ili sehemu uliyoiruka ijitangaze. Tundu moja la sindano likibaki, rezini inashuka na kuchimba pango la ukubwa wa limau kabla haijaganda, na uso wa juu haukuambii kitu.

Hadina iwe asilimia 1 hadi 1.5, yaani gramu 10 hadi 15 kwa kilo. Kwenye joto la hapa anza na 10. Hadina hiyo ikiingia jichoni inapofua, vaa miwani. Na ikiwa rezini yako inauzwa na kobalti (kichapuzi cha kuganda) pembeni, kamwe usikutanishe kobalti na hadina vikiwa vitupu, vinalipuka. Kobalti ichanganywe kwenye rezini kwanza mpaka iishe, ndipo hadina ifuate.

Kwa sanamu kubwa yenye nyuso pana, na fundi mwenye subira ya kizuizi, inakubalika. Kwa kishada, hapana. Kuna mabonde zaidi ya themanini pale, na kila bonde ni mahali pa brashi kuruka. Aliye na poliyurethani badala ya stairofomu anaruka kizuizi chote, na hapo polyesta inakuwa chaguo la kwanza bila ubishi.

Kalibu ikifika

Zabibu ni duara, na duara lina tumbo. Kalibu ngumu ya plasta au faiba ikizunguka tumbo hilo haitoki, hata upake nta kilo nzima. Ama ujaze mfereji uwe mpana juu na mwembamba chini, kila ukuta ukiegemea nje nyuzi 3 hivi, zabibu zionekane nusu tu, ama utumie silikoni yenye koti gumu nyuma. Kwa kishada hiki silikoni ndiyo njia. Milimita 6 juu ya nusu mita ya mraba ni lita 3, yaani kama kilo 3.5 ukihesabu uzito wake. Ile ya kawaida ya hadina ya bati nayo inahitaji unyevu kidogo wa hewa ili ikauke, kwa hiyo kiangazi iache usiku kucha bila kuigusa hata kama mfuko umeandika muda mfupi. Ile ya platinamu karibu haisinyai kabisa, lakini inagoma kukauka ikigusa udongo wa kuchezea wenye salfa, kwa hiyo usijengee ukuta wa pembeni kwa udongo wowote uliouokota dukani.

Kwa chungu au kichwa cha nguzo, ambako faiba inatosha: nta tabaka 5, kila moja ikipumzika saa nzima kabla ya kung'arishwa, kisha jelkoti (rezini nzito inayokuwa uso wa kalibu) gramu 600 hadi 800 kwa mita ya mraba, mkeka mwepesi wa gramu 300 kwanza ili uingie pembeni, halafu mikeka mitatu ya gramu 450. Usiweke yote siku moja. Tabaka nene la faiba likigandia kwa pamoja linachemka na kusinyaa, na ngozi yako ya chini ikiwa ya jipsamu utaisikia ikipasuka.

Tofauti ya bei kati ya ngozi hizi inaonekana kubwa dukani na inapungua ukihesabu idadi ya kalibu. Ya jipsamu unaipaka upya kila kalibu. Ya saruji na ya epoksi, zikitunzwa kivulini na kufungwa kwa shuka kuukuu, zinatoa kalibu ya pili na ya tatu. Kwa mteja anayetaka nguzo mbili tu za geti lake huko Nzuguni, jipsamu na silikoni vinamtosha. Kwa karakana inayouza mapambo yale yale mwaka mzima, epoksi kwa vitu vyenye mifereji na saruji kwa vitu bapa, na kopo la polyesta libaki kwa ajili ya kalibu yenyewe.

Kishada kikikataa kutoka kwenye kalibu ngumu, usimwage petroli wala thina ili kuyeyusha foamu ndani. Inaonekana ujanja, lakini stairofomu haipotei: inageuka ulimbo unaonata kwenye kila kona ya kalibu, na kuung'oa kunachukua siku nzima pamoja na nta yako yote. Toboa mgongo kwa kisu, toa foamu vipande vipande kuanzia katikati kuelekea pembeni, mpaka ibaki ngozi tupu. Ngozi isiyo na kitu nyuma yake inapinda, na ikipinda inaachia.